TAA YA SOLA KATIKA BEGI LA MPAGAZI

Hotuba ya mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya wapagazi, waongoza watalii na viongozi wa vijana



Tunawashukuru kwa kuitikia wito huu. Tunajua kwamba siku moja ya semina kwa mtu wa mlima ni siku moja ya kukosa safari. Kwa hiyo tutajitahidi kusema yale tu yatakayowafaa mkirudi getini.

Huenda baadhi yenu wanajiuliza: ofisi ya miradi ya dayosisi inahusikaje na taa ya kupanda nayo mlima? Tumezoea kuwaona mkiongea juu ya visima, mbuzi wa maziwa na vikoba. Jibu letu ni fupi. Katika sharika zetu nyingi za mteremko huu wa Kilimanjaro, ada ya shule inatoka begani kwa mpagazi. Akivunjika mguu gizani, nyumba nzima inavunjika naye. Hema lake likishika moto, usharika unapoteza mzazi, mwanakwaya na mzee wa kanisa. Kwa hiyo mwanga anaoutumia mpagazi usiku ni jambo la maendeleo, na ni jambo la Kanisa.

Uzito na mizani

Tuanze na jambo mnalolijua kuliko sisi, yaani mzigo. Kanuni za hifadhi zinasema mzigo wa mpagazi Kilimanjaro usizidi kilo 20, na mizani ipo getini. Ni kanuni nzuri, nasi tunaiunga mkono. Lakini wagumu wa sharika zetu, kama mnavyojiita wenyewe, mmetueleza jambo linalotusikitisha. Mzigo wa mgeni na wa kampuni ukishapangwa, anayepunguza vitu vyake ni mpagazi. Anaacha sweta la pili, anaacha soksi, na mara nyingi anaacha taa. Anajiambia atatembea kwa mwanga wa mwenzake.

Sasa tuangalie uzito wenyewe. Chemli iliyojazwa mafuta inakaribia kilo moja au kuzidi, na mafuta ya akiba ni mzigo mwingine, tena unaonuka na kumwagika juu ya chakula. Tochi ya betri kubwa mbili ina uzito wa gramu 200 au zaidi kwa betri peke yake, na betri hizo zikiisha njiani hakuna duka pale Barafu. Lakini zipo leo taa ndogo za sola zisizofika gramu 150. Hata ukichukua ile imara zaidi, yenye kioo kigumu na kishikio cha chuma, wastani wake ni kama robo kilo hadi theluthi moja ya kilo. Huo si uzito wa kumfanya mtu aache mwanga nyumbani.

Taa hizi nyepesi zina historia ya kutia moyo. Baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010, wanafunzi wawili wa usanifu majengo huko Marekani, Anna Stork na Andrea Sreshta, walifikiri juu ya watu waliokuwa wanalala kwenye mahema bila umeme. Wakabuni taa ya sola inayojazwa hewa kama puto na kukunjwa ikawa bapa, iweze kusafirishwa nyingi kwa pamoja. Ndiyo LuminAID. Baadaye wapanda milima na watu wa kambi wakaona kwamba kitu chepesi kinachomfaa mhanga wa tetemeko kinawafaa na wao. Kwa hiyo taa inayoning'inia leo kwenye begi la mgeni wenu ilibuniwa kwa ajili ya mtu asiye na kitu. Si anasa ya wazungu. Mpagazi ana haki nayo sawasawa na mgeni.

Moto na hewa ndani ya hema

Jambo la pili ni la uhai. Hema ni kitambaa cha nailoni. Kikiguswa na mwali wa mshumaa au kibatari hakisubiri: kinayeyuka na kuwaka, na matone yake ya moto yanashika ngozi. Watu sita waliolala wakiwa wamefunga zipu hawana muda wa kutafuta mlango. Kwa hiyo tunasema bila kuzunguka: mshumaa, kibatari na chemli havina nafasi ndani ya hema, hata kwa dakika tano za kutafuta soksi.

Tena kuna adui asiyeonekana. Moto wowote unaowaka mahali penye hewa kidogo, hasa mkaa na jiko la mafuta au gesi, unatoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, analegea, anasinzia, na hawezi kuamka. Angalieni dalili hizo: zinafanana kabisa na dalili za ugonjwa wa mwinuko. Kule juu oksijeni ni kidogo tayari, na wenzake wanaweza kusema ni mlima tu umemshika, kumbe ni jiko waliloingiza hemani kuota moto. Taa ya sola haitawapa joto, hilo tuseme wazi. Joto litafutwe kwa nguo kavu, godoro chini, chai ya moto na kulala karibu karibu. Lakini taa hiyo inaondoa sababu moja kubwa ya kuwasha moto ndani, yaani kutafuta mwanga.

Hesabu ya mwanga

Watu wengi wanaogopa taa za sola kwa sababu waliwahi kununua moja ikazimika saa mbili usiku. Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu inaondoa hofu.

Chukua taa yenye betri ya milimpia 2,000 ya volti 3.7. Zidisha, utapata kama watisaa 7.4. Hilo ndilo tangi lako. Taa hiyo ukiiweka kwenye mwanga mdogo unaokula nusu wati, tangi likijaa litakupa saa 14 hivi. Kambini mnahitaji mwanga kiasi gani? Kuanzia giza linapoingia, saa moja jioni, hadi mnapolala saa tatu, ni saa mbili. Ongeza saa moja ya alfajiri ya kufunga mizigo. Jumla ni saa tatu, yaani watisaa moja na nusu. Kwa hiyo taa iliyotoka nyumbani ikiwa imejaa inakaribia kuwavusha usiku wanne au watano hata kama jua halikuonekana kabisa. Safari ya Marangu ya siku tano ina usiku wanne. Ile ya Machame ya siku sita ina usiku watano. Baridi itakula sehemu ya chaji hiyo, tutalieleza hilo, lakini mnaona msingi wake.

Sasa upande wa kujaza. Kipaneli cha wati moja kikikaa kwenye jua kali saa tano kinaleta watisaa tano kwa hesabu ya karatasi. Ondoa kinachopotea njiani, zinabaki tatu na nusu au nne. Hiyo ni ikiwa kimetulia na kulielekea jua. Kikiwa mgongoni mwa mtu anayetembea, anageuka, anainama, anapita kivulini, tegemeeni nusu ya hapo. Watisaa mbili bado ni mwanga wa jioni moja na zaidi.

Fundisho ni hili: msitegemee kujaza njiani. Jazeni nyumbani, njiani mwongeze. Mnaukumbuka mfano wa wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, na wote walisinzia. Kilichowatenganisha ni maandalizi ya mapema. Siku mbili kabla ya safari, taa ikae juani kutwa nzima huku imezimwa, au ijazwe kwa umeme ikiwa ina tundu la waya wa simu.

Tabia ya jua la mlimani

Mlima una jua lake, nanyi mnalifahamu. Siku ya kwanza mnapita msituni. Chini ya miti ile, pamoja na ukungu wa Machame au Umbwe, kipaneli hakipati kitu cha maana. Msijisumbue kukifunga nje kichanike na matawi. Kikae ndani ya begi.

Mkishatoka msituni na kuingia kwenye vichaka na nyika, mambo yanabadilika. Hewa ni nyembamba, vumbi ni kidogo, jua ni kali. Tena kipaneli chenyewe kinafanya kazi vizuri zaidi kikiwa cha baridi kuliko kikiwa kinaungua kwenye bati la nyumba. Lakini asubuhi ndiyo saa yenu. Mara nyingi mawingu yanapanda kutoka msituni baada ya saa sita mchana na kufunika kambi. Kwa hiyo:

1. Funga taa juu ya begi, si pembeni, mara tu jua linapochomoza mkianza safari.

2. Ifunge kwa kamba mbili. Ikining'inia kwa moja itapigapiga mawe na kupasuka.

3. Mkisimama kula mchana, ilazeni juu ya jiwe ikilielekea jua. Nusu saa ya kutulia ina faida kuliko saa nzima ya kutikisika.

4. Futa vumbi kwa kitambaa laini. Vumbi la kule juu linapunguza mwanga kama pazia.

5. Hakikisha taa imezimwa. Kitufe kikibonyezwa begini taa inawaka mchana kutwa, na jioni mnalaumu jua.

Wengi mnauliza juu ya kuchaji simu kutoka kwenye taa. Taa nyingine zinaweza. Lakini betri ya simu ya siku hizi mara nyingi ni milimpia 4,000 au 5,000, yaani ni kubwa mara mbili kuliko betri ya taa tuliyoitolea mfano. Simu itaimeza taa yote na bado haitajaa. Mlimani mwanga kwanza, simu baadaye.

Baridi na betri

Hapa ndipo taa nyingi zinapoharibikia bila mwenyewe kujua. Taa za siku hizi zina betri za lithiamu. Betri hizo zikipoa sana zinatoa chaji kidogo kuliko kawaida. Taa inafifia, na asiyejua anasema imekufa, kumbe ikipashwa joto inarudi. Kwa hiyo usiku taa isilale nje ya hema wala kwenye begi la mlangoni. Ilale ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na tumbo.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kuitumia inawezekana, lakini kuichaji ikiwa imeganda kunaidhuru ndani, na dhara hilo haliponi. Pale Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye chupa hugeuka barafu usiku. Taa iliyolala nje na kuganda isifungwe mara moja juani asubuhi. Ipashe kwanza kifuani chini ya koti, ndipo uitoe.

Tena tuseme ukweli juu ya mipaka ya taa hii. Taa ya kuning'iniza ni ya hemani, ya jikoni, ya kwenda chooni, ya kupanga mizigo. Usiku wa kwenda kileleni, mnapoanza saa sita usiku kuelekea Uhuru kwenye mita 5,895, anayetembea anahitaji tochi ya kichwani ili mikono yake yote miwili iwe huru. Vivyo hivyo mpagazi anayemsindikiza mgonjwa kushuka usiku. Taa ya mkononi inakuangaza wewe machoni na kukuficha jiwe lililo mbele. Msiibadilishe moja kwa nyingine. Tochi za kichwani zinazochajika zipo, na kundi linaweza kuwa nazo mbili za dharura.

Kuchagua dukani

Soko limejaa. Tunawashauri mwangalie mambo haya kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, aina ya betri iandikwe. Betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma huvumilia kuchajiwa mara elfu moja na zaidi ikitunzwa. Betri ya asidi ni nzito na inakufa ikiachwa bila chaji. Hiyo si ya mlima.

Pili, kinga ya maji. Alama ya IPX4 maana yake inavumilia maji ya kurushwa kutoka kila upande. IPX7 maana yake inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa bila kuingiwa. Kwa mvua ya Machame, tafuteni ya pili.

Tatu, ubora uliopimwa. Mwaka 2007 Benki ya Dunia na shirika lake la IFC walianzisha mpango wa Lighting Africa, ambao ulisaidia kuweka viwango vya kupima taa za sola ndogo ili wananchi wasiuziwe plastiki tupu. Kazi hiyo ya kuthibitisha ubora tangu mwaka 2020 inaendelezwa kwa jina la VeraSol. Muulizeni muuzaji kama taa yake imepimwa, na kama inayo dhamana ya maandishi. Asiyetaka kuandika risiti amekwisha kuwajibu.

Nne, ijaribuni usiku mmoja nyumbani. Ijazeni, iwasheni saa moja jioni, mwandike imezima saa ngapi. Taa isiyofika asubuhi kwa mwanga mdogo hapa chini haitafika popote kule juu.

Taa ni ya nani?

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuiitishe semina hii. Tangu REA ianze kazi mwaka 2007 nguzo zimefika vijiji vingi, nasi tunashukuru. Hata hivyo zipo nyumba ambazo waya umepita juu ya paa bila kuingia ndani, na zilizoingiza umeme nazo zinajua kukatika kwake. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na familia nyingi zikaanza kutafuta mwanga mwingine. Katika nyumba kama hiyo taa ya sola ni moja tu. Ndiyo ya mama kupikia, ndiyo ya mtoto kusomea.

Baba akipata safari ya siku sita, taa inakwenda naye au inabaki? Ikienda, mtoto wa kidato cha pili anakaa usiku tano bila kufungua daftari, na mama anarudi kwenye kibatari. Ikibaki, baba anatembea gizani. Tumewasikia akina mama wakisema, afadhali aichukue yeye, sisi tuko chini. Tumewasikia na wapagazi wakisema, afadhali ibaki, mimi nimezoea. Ni maneno ya upendo pande zote mbili, lakini mtu asilazimike kuchagua kati ya mguu wake na masomo ya mwanawe.

Kwa hiyo tunapendekeza taa za mlimani ziwe mali ya kikundi. Kila kikundi cha wapagazi katika usharika kianzishe mfuko mdogo, kila mmoja akichangia kidogo baada ya kila safari. Fedha ikitosha inanunuliwa taa moja, kisha ya pili. Taa zitunzwe usharikani chini ya mtunza vifaa, zenye namba na daftari. Anayesafiri anasaini kuchukua, anasaini kurudisha, na anairudisha ikiwa safi na imejaa. Watu watatu wa hema moja wanatosha taa moja, hivyo taa kumi zinawahudumia watu thelathini. Anayeipoteza kwa uzembe analipa kwa awamu. Iliyovunjwa na mlima inabebwa na mfuko.

Tena msimu wa masika, Aprili na Mei, safari zinapopungua, taa zisilale kabatini. Betri iliyoachwa miezi bila chaji inaharibika. Zikopesheni kwa wanafunzi wa kutwa wa usharika. Jua la masika ni hafifu, kwa hiyo mwanafunzi aianike tangu asubuhi hadi jioni na aitumie kwa mwanga mdogo. Hivyo taa moja inamlinda baba wakati wa kiangazi na kumsomesha mtoto wakati wa mvua.

Tunawaomba pia waongoza watalii na wenye makampuni walioko hapa: taa ya hema la wapagazi ihesabiwe kuwa kifaa cha safari, kama hema na sufuria. Isihesabiwe kuwa kitu binafsi cha mpagazi kinachopunguzwa mizani inapogoma. Gramu 150 kwa watu watatu ni gramu 50 kwa kila mmoja.

Mwisho wa taa

Kila taa ina mwisho wake. Betri iliyokufa msiitupe chooni, shambani wala kwenye moto. Ya lithiamu ikichomwa au kutobolewa inaweza kulipuka, na sumu ya betri inaingia katika udongo tunaoulima migomba. Tanzania ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki tangu mwaka 2021. Kila usharika uweke ndoo moja kavu yenye mfuniko, mbali na watoto, ya kukusanyia betri na taa mbovu. Ofisi ya miradi itazichukua kila robo mwaka tunapozungukia majimbo, na kuzipeleka kwa wakusanyaji wenye kibali. Na mlimani kamwe msiache betri. Ilichopanda na wewe kishuke na wewe.

Ndugu zetu, tunaomba kila kikundi kitoke hapa na mambo matatu yaliyoandikwa: jina la mtunza vifaa, kiasi cha mchango wa kila safari, na tarehe ya kununua taa ya kwanza. Wachungaji wenu watatuletea karatasi hizo, nasi tutazifuatilia katika ziara ya robo ijayo. Walioko mlimani usiku huu tuwakumbuke katika maombi, wao na wageni wao, washuke salama.

Bwana awabariki na kuzilinda hatua zenu.